Geti la Bluu

Bhoke mwanangu,

Ukisoma hii utakuwa umeshakaa kwenye kiti chako, basi limeshatoka Mugumu, na mimi siko karibu uweze kunikatiza. Ndiyo maana nimeandika. Ana kwa ana hunishindi kwa maneno, unanishinda kwa kunitazama tu, kwa macho yale ya marehemu bibi yako, na mimi nikitazamwa hivyo nasahau nilichotaka kusema naanza kukuuliza kama umekula.

Sasa hivi ni saa kumi jioni. Wewe na baba yako mmekwenda Mugumu tangu asubuhi, wewe kumuaga shangazi yako na kukata tiketi, yeye kwa shughuli yake ambayo nitakuambia huko mbele. Nimekaa mlangoni pa jiko, nimechana karatasi kwenye daftari lako la kemia la kidato cha nne, na mikono yangu ina matope na mikwaruzo ya miiba. Ukiona doa mahali, ni mimi, si wino.

Mambo ya chandarua, sabuni na kuchemsha maji siandiki. Shangazi yako atakuwa ameyasema mara tatu, na yule akisema mara tatu bado anaona hajasema. Mimi nataka kuzungumza habari ya bustani. Ndiyo, bustani. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Siku tatu zilizopita ulinifuata pale kwenye nguzo zangu zisizo na seng'enge. Nilikuwa nachambua mchicha. Ukasema, "Mama, niahirishe chuo. Mwaka mmoja tu. Hela ya ada tumalizie zizi, baba aache kulala nje. Mwakani nitaenda." Mimi nikaendelea kuchambua kama sijasikia, ukadhani nimekubali. Bhoke, tangu lini mimi nikakubali jambo kimya kimya? Nilinyamaza kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yako.

Jibu ni hapana. Nimelisema mapema usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta pa kuponea. Sasa nikueleze kwa nini.

Unajua mji wetu ulivyokaa tangu nilipoolewa hapa Machochwe: nyumba zimezunguka, zizi liko katikati. Ndivyo walivyojenga mababu zenu na walikuwa na akili zao. Mwizi wa ng'ombe sharti apite milangoni pa watu kwanza. Sawa, sibishi. Lakini miaka ishirini na tatu mimi nikifungua mlango asubuhi, cha kwanza kunisalimia ni mkia wa ng'ombe. Na bustani yangu ilikuwa kule chini kwenye kijito, peke yake, ikiwasubiri tembo watoke hifadhini. Mara ya kwanza walikula nyanya. Mara ya pili walikula nyanya wakaondoka na ua. Mara ya tatu nilisimama kwenye nyayo zao, kila moja kama beseni la kufulia, nikalia. Mara ya nne sikulia, nilitukana, na mchungaji wetu alikuwa anapita njiani. Alinyanyua kofia akaongeza mwendo.

Halafu unakumbuka kile kibarua changu cha kufua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii kule Ikoma? Miezi mitatu. Nyuma ya jiko lao kulikuwa na mboga, Bhoke, majani mapana hivi, meusi kwa afya. Nikamuuliza mtunza bustani wao, "Kaka, hapa mnaweka dawa gani?" Akajibu, "Dawa wapi mama, ni samadi tu. Tunakwenda kuinunua huko kwenu Machochwe, tunapakia kwenye gari." Weee! Nilicheka mpaka nikaangusha mashuka. Kumbe wageni wanakula mchicha ulioshibishwa na mavi ya ng'ombe wangu, na mimi mwenye ng'ombe nanunua mchicha sokoni Mugumu, umenyauka, fungu kama vidole vya mtoto!

Nikarudi nyumbani nimeshaamua. Bustani itakaa katikati, palepale ng'ombe walipokanyaga na kunya miaka yote hiyo, na ng'ombe watakwenda pembeni kwenye zizi jipya. Tembo hapiti kati ya nyumba tatu na mbwa wawili. Hesabu yangu ilikuwa safi, na mpaka leo nasema ilikuwa safi.

Ulikuwa shule siku baba yako mkubwa Chacha alipokuja kunizuia, basi hukusikia. Alikaa, akakohoa kile kikohozi chake cha kikao, akasema, "Shemeji, ng'ombe ukimtoa katikati umemwandalia mwizi."

Nikamwambia, "Shikamoo shemeji. Na mboga nikiziacha nje nimewaandalia tembo. Mwizi wa ng'ombe amekuja mara ngapi hapa tangu nimeolewa?"

"Mara mbili."

"Tembo wanakuja kila wiki."

"Kwa hiyo katikati ya mji wa Mkurya tuweke mboga?"

"Tuweke kinacholiwa kila siku, shemeji. Nyama unayoila hapa ni ya Krismasi."

Wazee aliokuja nao walicheka, na yeye hakucheka. Baba yako alikuwa anachonga mpini. Halafu bila kuinua kichwa akasema, "Mwache ajaribu." Maneno mawili. Nilimpenda upya siku ile, nakuambia wewe kwa sababu yeye sitamwambia.

Bajeti niliiandika nyuma ya kalenda. Nguzo, seng'enge, misumari, mbegu, bomba la kumwagilia. Niliuza mtamba mmoja, nikaona hela inatosha na chenji inabaki. Kosa langu la kwanza liko hapo: nilihesabu vitu, watu sikuwahesabu. Nilijiambia vibarua wa nini, nitaita majirani wanisaidie kung'oa zizi kama tunavyoitana wakati wa palizi. Kazi ya kuitana hailipwi. Hailipwi kweli, inalishwa! Baba yako mkubwa alikuwa ameshatangaza huku na huko kwamba kuna mwanamke anahamisha zizi, basi waliokuja kung'oa walikuwa watu kumi na tano, na waliokuja kutazama walikuwa nusu ya kata. Wote wana midomo. Mbuzi wa kwanza aliisha kabla ya saa sita. Mvua ikanyesha, kazi ikalala, kesho yake wakarudi wote, na wengine wapya. Siku ya tatu wazee wakaja kuonyesha lango la zizi jipya litazame wapi, na wazee huwezi kuwapa uji. Ningeajiri vibarua wanne ningemaliza kwa gharama ya mbuzi mmoja na mkia wake.

Utasema kwa nini sikuwaambia watu basi, inatosha, nendeni? Mimi? Niitwe mchoyo kuanzia hapa mpaka Sirari? Nilijua hela inaondoka, nikawa nasema "ongezeni ugali, ongezeni ugali" huku nikitabasamu. Ukitaka kunijua mama yako, nijue hapo.

Kosa la pili ni la miche. Unamkumbuka fundi Masanja, yule Msukuma aliyekuja kufuata dhahabu kule Tarime, akaikosa, akabaki na mashine ya kuchomelea vyuma. Alikuwa amekuja kupima zizi jipya, akaniona napanda sukuma wiki na nyanya moja kwa moja kwenye samadi ile nyeusi. Akasema kwa upole, "Mama, hiyo bado ina moto. Itaunguza. Ichanganye na udongo, iache ipoe miezi." Nikamjibu, "Wewe mtu wa mashimo, mboga unazijulia wapi?" Masikini, akainamisha kichwa akaendelea kupima. Kumbe kwao ni wakulima wa mboga, amezaliwa bustanini. Wiki ya pili majani yakawa ya njano, wiki ya tatu yakawa kama karatasi iliyopita motoni. Miche mia na ushee. Nililipa mkokoteni wa ng'ombe safari tisa, kuondoa samadi na kuleta udongo. Samadi yangu mwenyewe, nalipa iondolewe! Na Masanja hakusema "nilikuambia." Hilo ndilo lililoniuma kuliko miche.

Kosa la tatu unalijua kwa sura, hulijui kwa ndani. Ni geti. Zizi jipya lilikuwa pembeni, maneno ya baba yako mkubwa yalikuwa yananitembea kichwani, nikasema nitamwonyesha. Nikamwambia Masanja anitengenezee geti la chuma, mabomba mazito, bawaba nne, kufuli la ndani. Akauliza, "Mama, miti haitoshi?" Nikasema bluu. Lipake bluu. Lilipofika juu ya trekta watoto walilikimbilia wakishangilia, na mimi nilijiona nimeota mabawa. Baba yako akauliza limekula kiasi gani. Nikamtajia nusu.

Nilimdanganya, Bhoke. Tangu tumeoana sijawahi kumdanganya jambo la nyumba, nikamdanganya kwa ajili ya geti. Na seng'enge ya zizi hilo ikaishia upande wa tatu. Upande wa nne zikabaki nguzo tupu na matawi ya miiba, geti la bluu limesimama kama bwana harusi na ubavuni kwake kuna pengo la kupitisha ng'ombe watano kwa mpigo. Ndipo baba yako akahamishia godoro lake pale pengoni, na panga lake, na kikohozi chake. Kila akikohoa mimi ndani nasikia bei ya geti.

Na wewe ukasikia kikohozi hicho hicho, ukaja na "mwakani."

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipomaliza shule, nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ualimu. Mimi. Barua ilikuja na jina langu limepigwa taipu. Mwaka ule babu yako alikuwa anajenga nyumba ya bati kule kwetu, ya kwanza katika ukoo, na bati zikapungua. Kuta zimesimama, mvua inakuja, mzee anazunguka nyumba yake mikono nyuma. Nikamfuata nikamwambia, "Tata, mimi nitasubiri. Nitaenda mwakani." Hakuna aliyeniomba. Nilijitolea mwenyewe, kwa sauti ile ile uliyonisemesha nayo siku ile, mpaka mkono umeuweka kiunoni vilevile. Kanisani walinisimamisha wakanipigia makofi, binti mwenye moyo. Mwakani ilikuwa zamu ya mjomba wako. Mwakani yake mahari ikaja.

Nyumba ilikwisha, ipo mpaka leo. Nikienda kuwasalimia wananilaza chumba cha upande wa kulia, nalala chali nazitazama zile bati zilizoshika kutu, nachagua ipi ni yangu. Kila safari nachagua nyingine. Sisemi najuta kuwazaa, wala baba yako simbadilishi na mwalimu mkuu yeyote. Lakini makofi yale ya kanisani hayajawahi kunilisha siku hata moja, na wewe hutapigiwa.

Basi jana nilimfuata baba yako pale pengoni, nikamweleza bei ya geti, yote. Nilijiandaa kwa makelele. Akavuta shuka lake akasema, "Najua. Masanja aliniambia siku ile ile."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

"Unalala nje na baridi unangoja niseme?"

"Nalala nje kwa ajili ya ng'ombe," akasema. "Kukungoja wewe ni nyongeza." Halafu akacheka mpaka akakohoa. Huyo ndiye baba yako, ukipata mwanaume wa namna hiyo huko Tabora mlete nimwone, lakini baada ya kumaliza chuo.

Tukapanga palepale. Leo mlipoondoka tu nilimwita Masanja na majirani wawili. Wawili, Bhoke! Nimewapa ugali na dagaa, wakasema asante. Tumeligawa eneo la katikati ya mji. Tumeng'oa zile nguzo tupu, tumepiga uzio wa miiba unaopita kati, na ng'ombe wamerudi nusu ya chini, walipozaliwa. Nusu ya juu ni bustani. Nilikuwa na matuta tisa, yamebaki manne. Baba yako leo analala ndani, kikohozi chake tutakitibu kwa blanketi.

Baba yako mkubwa amekuja, bila shaka. Angekosaje? Amesimama na fimbo yake akitazama ng'ombe wanavyoingia, akasema, "Tulikuambia, shemeji."

Nikamjibu, "Mliniambia, shemeji. Ng'ombe mmeshinda. Ila ile nusu siwapi, hata mje na wazee wa koo zote. Na wiki ijayo nitakuletea mchicha, na utaula."

Akatazama matuta. "Usiweke chumvi nyingi," akasema, akaenda zake.

Likabaki geti. Juzi alikuja mfanyabiashara wa Mugumu kulitazama. Yule bwana alijua nina shida, akaligonga kwa kiatu, akanitajia bei ya chuma chakavu. Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote nikarudi nikatukana. Leo Masanja akaniuliza tulipeleke wapi. Nikamwambia, funga kwenye mlango wa bustani.

"Mama, ni kubwa mno kwa bustani hii."

"Bustani itazoea."

Sasa limesimama. Geti lililokusudiwa ng'ombe kumi na wanne linafunga matuta manne ya mboga. Ni kichekesho, najua. Wapita njia wanasimama wanacheka, na mimi nimelifuta vumbi. Walilie wao hela zangu, mimi nimemaliza kuzililia. Mwaka kesho matuta yatakuwa sita, hata kama itanibidi kubeba udongo kwa beseni kichwani, na sitamwita mtu kuja kula.

Utakaporudi leo utayaona haya yote. Najua utanitazama kwa yale macho. Nitakuuliza kama umekula.

Na ile shughuli ya baba yako Mugumu: amekwenda benki kulipa ada yako, yote. Risiti nimemwagiza aifunge kwenye kitambaa cheupe, nitaiweka chini ya begi ndani ya kanga yangu ya kijani. Kwa hiyo hata ukitaka kunifanyia huruma, hela haipo, imeshakwenda Tabora kabla yako. Nimekuwahi.

Huko utapungukiwa. Bei utakayoambiwa siyo utakayolipa, na kuna siku utajiona mjinga kuliko wote bwenini. Siku hiyo nipigie simu kabla hujanunua geti. Nitapiga kelele kidogo, ndiyo, nimeumbwa hivyo, halafu tutakaa tuone kipi kipunguzwe. Kitu cha kupunguza hakikosekani. Wewe tu ndiye hupunguzwi, si kwa zizi, si kwa kikohozi cha baba yako, si kwa ajili yangu nikiwa kitandani naomba maji. Mimi kung'ang'ania nusu ya mji mbele ya wazee nimeweza. Na wewe waweze hao wa huko.

Na kama sasa hivi unalia, na unawaza kumwambia kondakta akushushe Bunda ugeuze urudi, nakuapia mbele ya Mungu: utanikuta nimesimama ndani ya bustani, geti la bluu nimelifunga, na wewe uko nje. Kufuli ni zima, bawaba ziko nne, na bei yake unaijua. Rudi ukiwa muuguzi, nitakufungulia mwenyewe.

Mama yako,
mwenye matuta manne